Baba wa Sakafu Hii

Uliliruka lile dimbwi. Usikatae, ulionekana. Ulifika zahanati ya Mwatsuma na kadi yako mkononi, ukakuta maji yametuama mlangoni pa chumba cha kujifungulia, ukashika pindo la leso, hup, ukatua ng'ambo. Ukasema, "Jamani, hapa pana maji." Ulikuwa ukimwambia nani? Ukuta. Kisha ukaenda zako. Ndivyo ulivyofanya mwaka ule walipotuletea pale zahanati tangi la maji lisilokuwa na bomba: ulipiga makofi. Ndivyo ulivyofanya walipojenga choo cha shule ambacho mlango wake ulifungukia ndani, ikawa mwalimu mnene haingii, na akiingia mwembamba, hatoki. Ulicheka, ukatazama kwingine. Basi leo hutazami kwingine. Keti uisikie habari ya sakafu, maana dimbwi uliloliruka wewe, mwenzio lilimwangusha.

Mwenzio ni Sista Everlyn Syovata, nesi wa zamu, mzaliwa wa skimu ya makazi ya Shimba Hills, Mkamba anayesema Kiswahili kwa mwendo wa pikipiki. Jumanne asubuhi alikuwa anatoka chumbani na mtoto wa dakika kumi, ampeleke kwenye mzani. Kufika mlangoni, miguu ikaenda Lunga Lunga, kiwiliwili kikabaki Mwatsuma. Lakini mikono yake ilikuwa na akili kuliko sakafu: ilimwinua mtoto juu, kama sinia la pilau linavyopitishwa juu ya vichwa vya watu harusini, na nesi akatua kwa kile alichojaliwa. Mtoto hata hakushtuka usingizini. Nesi kwa siku tisa alikula amesimama na kuandika amesimama, na wagonjwa walipomuuliza, "Sista, mbona huketi?" alijibu, "Viti si mmekalia nyinyi?"

Wakaja wakaguzi wawili na kalamu zao. Wakaliruka dimbwi, wote wawili, wakauliza, "Sakafu hii aliiweka nani?"

Kontrakta Randu hakupepesa hata ukope. "Fundi Karisa," akasema. "Wa hapa hapa kijijini. Mnajua tena, tunataka kuwainua watu wetu."

Likaandikwa. Na jina likishaandikwa, halifutiki kwa mate.

*

Mbeyu, mkewe Karisa, alikuwa uani akichambua mchicha gari la Randu liliposimama nje. Randu ni mtoto wa hapo hapo, aliyekwenda Mombasa na shati moja akarudi na tumbo na miwani. Aliingia na karatasi imebanwa kwapani.

"Hodi hapa!"

"Karibu, shemeji," Mbeyu akasema, akamletea kiti. Kilikuwa ndicho kiti cha pekee chenye mgongo katika nyumba ile, na mguu wake mmoja ulikuwa mfupi. Miaka minne Mbeyu alikuwa akimwambia mumewe akitengeneze. Karisa, aliyeweza kulaza vigae mia tatu hata gololi isijue iviringike wapi, alikuwa akijibu, "Kesho." Randu alipoketi, kiti kikampeleka kulia. Akajiweka sawa, kikampeleka kushoto.

Karisa alitoka ndani akifunga kifungo cha shati. Hakumpa Randu mkono mpaka Randu alipounyoosha wake, na hata hapo aliushika kama mtu anayeshika waya asioujua kama una umeme.

"Karisa, ndugu yangu," Randu akaanza, "hili si jambo la kugombana. Unaweka saini hapa, vyombo vyako unavichukua leo leo. Mashine ya kukatia, mwiko, nyundo ya mpira, ile pima maji yako ndefu. Vyote viko stoo, salama kabisa."

Mbeyu aliichukua karatasi kabla mumewe hajainyooshea mkono. Akaisoma kwa sauti, pole pole, kama anayemsomea mtoto barua ya shule. "'Mimi, Karisa Kalama, nakiri kwamba sakafu ya chumba cha kujifungulia niliiweka mimi, na kasoro zake zimetokana na uzembe wangu mwenyewe.'" Akanyanyua macho. "Na hili 'mwenyewe' la nini, shemeji? Kuna uzembe wa kuazima?"

"Hiyo ni lugha ya ofisi tu, Mama."

"Chumba kile sikukiweka," Karisa akasema. "Nilimaliza baraza, nikamaliza bafu la wazazi. Chumbani nilipiga mstari tu. Jumatano ukaniambia nachelewesha, ukaniondoa, vyombo vyangu ukavifungia stoo, ukawaingiza watu wa nyapara wako Hesbon."

"Na nani anajua hayo?"

"Mimi najua," Mbeyu akasema. "Nilishika ncha ya mpira."

Randu alicheka hata kiti kikacheka naye, kulia, kushoto. "Mke kumtolea mumewe ushahidi! Hata kadhi angeomba maji ya kunywa." Kisha akaacha kucheka. "Ufunguzi rasmi ni Alhamisi ijayo, ingawa wazazi wameshaanza kuzalia humo. Mgeni rasmi anatoka mjini. Nataka jambo hili liwe limekwisha kabla hajauliza. Baada ya Alhamisi, ndugu yangu, stoo inafungwa, na mimi sitajua vyombo viko wapi. Vitu hupotea. Unajua watu wetu."

"Tunawajua," Mbeyu akasema, akamtazama usoni.

Randu alipoinuka, kiti kilimwahi, kikampigisha magoti. Aliondoka akijifuta vumbi gotini, na karatasi akaiacha juu ya mchicha.

*

Ule mpira aliousema Mbeyu ni kitu cha kijinga ukikitazama: mpira mwembamba unaopitisha mwanga, mrefu wa kuzunguka chumba, umejazwa maji. Mmoja anashika ncha hii ukutani, mwingine anashika ncha ile ukuta wa pili. Maji yanapanda, yanashuka, yanapepesuka, kisha yanatulia, na yakitulia yamelingana huku na huku. Hayajali mwenye nyumba ni nani. Hapo Karisa huweka alama kwa penseli, halafu huvuta mstari chumba kizima, na kutoka kwenye mstari hupima kushuka: mita moja pembeni, mita moja na vidole viwili pale penye kitundu cha kutolea maji. Vidole viwili, basi. Ndivyo damu na maji ya kuoshea vinavyojua njia ya kutoka, na mguu wa nesi unavyobaki mahali pake.

Mbeyu ndiye aliyekuwa akishika ncha ya pili. "Wapi?" Karisa angeuliza. "Juu kidogo," Mbeyu angejibu. "Sasa?" "Subiri, bado yanacheza." Katika kazi ile ndimo walimoyasema mambo yao mengi ya ndoa.

Lakini Randu alikuwa ameamrisha kuta zipakwe rangi kabla ya sakafu, ili picha zitumwe ofisini zionekane zinang'ara. Rangi ikaufunika mstari. Watu wa Hesbon walipoingia hawakuwa na mstari, hawakuwa na mpira, na hawakuwa na siku. Wakaanzia barazani, mahali Karisa alipoilaza sakafu kwa nje ili mvua isiingie ndani, wakauona ule mteremko, wakadhani ndio mpango wa nyumba nzima, wakauendeleza mpaka chumbani. Vigae vikapanda kuelekea kitundu badala ya kukishukia. Maji ya chumba kile yanakimbia kitundu kama mbuzi anavyokimbia mvua, yanakuja mlangoni, yanazuiwa na kizingiti, yanakaa. Ndilo dimbwi. Ndilo uliloliruka.

*

Jumatatu Mbeyu alikwenda dukani kununua unga. Walikuwapo wanawake watatu wakingoja kupimiwa mafuta.

"Mpisheni Mama Dimbwi," mmoja akasema.

"Taratibu, mwenzangu, usiteleze."

"Kwake hata kitanda kina kizingiti, maji yasimwagike." Wakaangua kicheko, na mwenye duka, ambaye mwanawe alisomeshwa kwa shilingi za sakafu alizozileta Karisa dukani hapo, naye akainamia mizani akicheka kwa mabega.

Mbeyu alilipa unga wake. "Chekeni," akasema. "Na kwa sababu nyote mna mimba, mtapishana pale mlangoni. Nitakuja kuwatazama mnavyotua."

Alirudi nyumbani ameshinda kwa maneno na ameshindwa kwa mengine yote. Alimkuta Karisa ameketi kwenye kile kiti kibovu, simu pajani. Bi Judy wa nyumba za wageni Ukunda, aliyekuwa amemwahidi kazi ya sakafu za vyumba sita, alikuwa amepiga.

"Amesema nini?"

"Ameuliza kama mimi ndiye fundi wa zahanati. Nikasema ndiye na siye. Akasema wageni wake ni wazee, hataki 'ndiye na siye' kwenye bafu."

Karatasi ilikuwa juu ya goti lake, imenyooshwa, na kalamu ya mtoto ilikuwa kando yake.

"Karisa."

"Jina halikati kigae, Mbeyu. Mashine hukata. Nikipata mashine nitakwenda Jego, nitakwenda mpaka Vanga, huko hawajui dimbwi la nani."

"Na huko watakapojua?"

Karisa aliitazama ile karatasi kwa jicho la mtu anayetazama jino lake mwenyewe mkononi.

Hapo ndipo mama yake alipokohoa kutoka kwenye mkeka. Kijiji kizima kinamwita Hawe, yaani bibi, maana nusu yake ilipitia mikononi mwake. Alikuwa mkunga miaka arobaini, mpaka ilipotangazwa kwamba watu wazalie hospitalini, naye akabaki kuwasindikiza waja wazito mpaka mlangoni na kurudi. Mlango huo huo.

"Wewe Karisa," akasema, "siku ulipozaliwa ulitanguliza miguu. Nilijua tu utanisumbua. Weka kalamu chini. Huyo Randu, nyanya yake nilimjua. Aliondoka hapa ana miaka mingapi?"

"Saba, mayo. Minane," Karisa akamjibu mamaye.

"Basi mila hazijui, na hataki watu wajue kwamba hazijui." Hawe akafumba macho kama anayeomba dua. "Mbeyu, mwanangu, ile desturi ya mkunga kuosha chumba kipya kabla hakijafunguliwa, unaikumbuka?"

Mbeyu alifikiri. "Hapana, mayo. Sijawahi kuisikia."

"Wala mimi," akasema Hawe. "Nimeikumbuka sasa hivi."

*

Alhamisi hema lilisimamishwa, lakini jua lilikuwa kali na mgeni rasmi akaombwa akae barazani penye kivuli, mkabala na mlango wa chumba cha kujifungulia, ili akate utepe bila kutembea sana. Alikuwa bwana mpole mwenye viatu vya kahawia vya ngozi laini, viatu ambavyo tangu vizaliwe havijakanyaga ila zulia. Kulia kwake aliketi Randu. Kushoto aliketi mzee Tsofa, mwenyekiti wa kamati ya zahanati, aliyeazima koti na kulirudisha mabegani kila lilipoteleza. Asubuhi ile dimbwi lilikuwa limekaushwa kwa matambara, na Sista Everlyn alikuwa ameambiwa asimame nyuma, atabasamu.

Ustadhi aliomba dua, mchungaji akaomba yake. Tsofa alikwisha kunyanyua mkasi Hawe alipoinuka katikati ya wanawake.

"Shikamoo wageni," akasema, ijapokuwa hapakuwa na aliyemzidi umri. "Samahanini. Mimi nina swali dogo tu. Chumba kimeoshwa?"

"Kimepigwa deki, Hawe," Tsofa akasema. "Asubuhi."

"Sikusema deki, Tsofa. Nimesema kuoshwa. Maji ya mkunga. Au siku hizi mwafungua chumba cha wazazi kikavu, kama ghala la mahindi?"

Wazee wa mbele wakatazamana. Hakuna aliyekuwa amesikia maji ya mkunga, lakini hakuna aliyetaka kuwa mzee wa kwanza wa Mwatsuma kusema hajui mila. Ustadhi akamtazama mchungaji, mchungaji akamtazama ustadhi, kila mmoja akidhani ni jambo la upande wa mwenzake. Mbeyu, aliyesimama kando ya tangi, aliushika mkono wa jirani yake asianguke kwa kicheko.

Mgeni rasmi alimgeukia Randu. "Wewe ni mwenyeji. Desturi hii ipo?"

Hapo angesema "siijui," hadithi ingeishia hapo. Lakini mtu aliyeondoka kwao na miaka minane akarudi na miwani, neno hilo halipiti kooni. Randu aliirekebisha miwani.

"Ipo sana, Mheshimiwa! Marehemu nyanya yangu alikuwa akituhadithia. Ni desturi kubwa." Akaona watu wanamsikiliza, utamu ukamzidi. "Na kwa kawaida huwa ni ndoo saba."

Mbeyu hakuamini masikio yake. Yeye na Hawe walikuwa wamepatana kata moja ya maji, ya kuonyesha tu.

Hawe hakutikisika hata mkunjo wa uso. "Umesema kweli, mwanangu," akasema. "Saba. Nilikuwa nimesahau. Huyu amelelewa!"

Wanawake walikwenda kwenye lile tangi lisilo na bomba, mmoja akapanda ngazi akateka kwa juu, ndoo zikapokezanwa mkono kwa mkono. Hawe akavua ndara, akaingia chumbani, akasimama pale ndani kabisa, karibu na kitundu, akamwaga ya kwanza taratibu, akinong'ona maneno ambayo Mbeyu alijua fika ni majina ya wajukuu zake.

Maji yalikiangalia kitundu, yakakipa mgongo, yakaanza safari ya mlangoni. Ya pili ikaifuata ya kwanza. Ya tatu ikajaza kule kwenye kizingiti. Kitundu kilibaki kikavu kama koo la aliyefunga saa kumi na moja jioni.

"Inatosha, Hawe," Randu akasema, akiinuka kidogo.

"Saba umesema wewe, mwanangu. Tukikatiza njiani mtoto wa kwanza baada ya leo atazaliwa nusu, utakuja kumalizia?"

Watu wakacheka, na mgeni rasmi akacheka pia, bado viatu vyake vikiwa vikavu. Ndoo ya nne ilipanda kizingiti. Na hapo baraza la Karisa, lililolazwa kwa nje kwa vipimo vyote vya haki ili mvua isiingie, likafanya kazi yake kwa uaminifu: likayapokea maji, likayapeleka nje, na njia ya nje ilipita chini ya viti vya wageni. Ndoo ya tano ilibeba karatasi za ratiba. Ya sita iliingia kwenye viatu vya kahawia, ikakaa. Ya saba Hawe aliimwaga kwa heshima zote, akasema, "Amina," na wanawake wakapiga kigelegele ambacho huko skimu kilisikika.

Mgeni rasmi alikuwa amenyanyua miguu yote miwili, ameikumbatia kama mtoto kwenye mtumbwi. "Maji haya yanatoka wapi?"

"Yanatoka pale yanapotoka kila siku, Mheshimiwa," akasema Sista Everlyn kutoka nyuma, bila tabasamu aliloagizwa. "Hapo mlangoni ndipo nilianguka na mtoto. Kila siku tunaruka. Mama wa watu ametoka kujifungua, miguu inatetemeka, tunamwambia ruka. Sasa mkuje muone bafu, ndoo moja tu, tafadhali."

Wakamfuata, viatu vikilia kwacha, kwacha. Everlyn akamwaga ndoo nzima kwenye sakafu ya bafu. Maji yakajikusanya, yakakata shauri, yakaenda moja kwa moja kwenye kitundu, na kabla Tsofa hajamaliza kuvuta koti mabegani sakafu ilikuwa tupu.

Hawe alisimama mlangoni, mikono kiunoni. "Nimepokea watoto zaidi ya mia tatu," akasema. "Wengine baba zao walikuwa wakibishaniwa, nami nilikuwa nikitazama tu masikio. Sakafu hizi mbili mnasema baba yao ni mmoja? Wallahi si mmoja."

"Nani aliiweka hii ya bafu?" mgeni rasmi akauliza.

"Mimi," Karisa akasema. Alikuwa amesimama nje kabisa, nyuma ya hema, na watu wakafungua njia. Mbeyu alimwona anavyokuja, amenyoosha mgongo, lakini vidole vyake vimeshika pindo la shati.

"Na baraza?"

"Mimi."

"Na chumba?"

"Yeye yeye!" Randu akadakia. "Siku hiyo alikuwa na haraka zake, Mheshimiwa, akaharibu."

"Chumba nilikipigia mstari," Karisa akasema. "Mstari uko chini ya rangi. Mkwangue ukuta muone. Wenye kulaza vigae hawakuuona, wakafuata mteremko wa baraza. Ukisimama hapa ni jambo la wazi."

Na ilikuwa wazi. Hata mtoto angeuona jinsi vigae vya chumbani vilivyoshuka kuja nje, mstari mmoja na vya baraza, kama jamvi lililotandikwa juu ya ngazi. Randu aliutazama mteremko ule kwa mara ya kwanza tangu aulipie, na hasira zikamtangulia akili. Akamgeukia nyapara wake aliyejibanza kando ya nguzo.

"Hesbon! Si nilikuambia chumbani muanze upya, msifuate ya baraza?"

Vichwa vyote vikageukia nguzo. Hesbon, maskini, alikuwa mtu wa kujibu alichoulizwa.

"Ulisema hivyo, bosi," akasema. "Halafu ukasema picha ziende Jumatatu."

*

Usidhani hapo paliisha. Wewe unapenda mambo yaishe hapo, kwenye kicheko, uende nyumbani umeshiba.

Mgeni rasmi alicheka kistaarabu, akasema uchunguzi utafanywa, akakata utepe, akala kuku, akaondoka na viatu vyake kwenye mfuko wa karatasi. Kesho yake bodaboda ilileta gunia la vyombo nyumbani kwa Karisa. Kila kitu kilikuwamo. Lakini kile kichupa cha kioo katikati ya pima maji, chenye povu linalomwambia fundi kama kigae kimelala sawa, kilikuwa kimepasuliwa, kikavu. Karisa alikigeuza geuza mkononi kwa muda mrefu.

"Mpira tunao," Mbeyu akasema. "Na hauvunjiki. Ncha yangu naijua."

Bi Judy alipiga simu, akacheka dakika tatu kabla ya kusema lolote, kisha akasema vyumba sita vinamngoja. Dukani hakuna tena Mama Dimbwi; sasa yupo Randu Ndoo Saba, na jina hilo litamfuata mpaka kwenye jiwe la kaburi lake. Ile karatasi ya kukiri Mbeyu aliikunja mara nne, akaiweka chini ya mguu mfupi wa kile kiti. Kilitulia kabisa. Karisa aliketi, akajitikisa kulia, akajitikisa kushoto, akasema, "Kumbe ilikuwa na kazi."

Lakini dimbwi lipo. Karisa alikwenda kwa Tsofa, akasema, nipeni vigae na simiti, kazi yangu sadaka, siku nne chumba kimekaa sawa. Tsofa akasema barua imekuja: pasiguswe mpaka uchunguzi uishe. Mvua zimepita mbili. Mlangoni pametandikwa gunia, na gunia nalo limeoza likabadilishwa. Wiki iliyopita mama mmoja wa Mkongani alivuka pale ameshikwa huku na huku, kama anayevushwa mto.

Kilichobaki ni ile desturi. Hawe aliitunga akiwa amelala kwenye mkeka, na sasa imeota miguu. Tsofa huwaambia watu kwamba hata nyanya yake alikuwa akiifanya. Watu wa kijiji cha Bodo wamemwaga ndoo saba kwenye darasa jipya, maji yakaenda yote kwenye meza ya mwalimu, na wazazi wakakaa mlangoni mpaka fundi alipoitwa. Jego wameuliza kama ni lazima ziwe saba. Wamejibiwa hata moja hutosha. Maji hayahitaji kura nyingi.

Basi ichukue nawe. Karibu nawe pana zahanati, pana darasa, pana soko lililofunguliwa kwa utepe, na unajua fika mahali unapopandisha pindo. Usiseme kesho. Nenda leo, kabla hawajafunga, na kopo la maji mkononi. Limwage katikati ya sakafu mbele ya watu, uyatazame maji yanakwenda wapi. Yakikimbia kitundu yakakujia miguuni, usiyaruke. Simama ndani yake, uloe, na uulize kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: baba wa sakafu hii ni nani? Usitoke hapo mpaka utajiwe jina.